Sista Nzilani na Waliozikwa bila Programu

Mama Peninah Nzilani Mulei, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 28 Juni 2025 hapa nyumbani kwake Kasikeu, alizaliwa Jumatano tarehe 8 Novemba 1961, mwaka wa mafuriko. Alikuwa mtoto wa tatu wa hayati Mzee Kaloki Ndululu na hayati Mama Mbithe Kaloki. Siku hiyo mama yake aliondoka alfajiri pamoja na wifi yake kwenda zahanati, wakakuta mto umejaa mpaka kwenye mikonge, na mtoto hakuwa na subira ya kungoja maji yapungue. Akazaliwa kando ya njia, chini ya mwavuli wa mpita njia ambaye hakuna aliyekumbuka kumuuliza jina. Ndiyo maana akaitwa Nzilani, jina ambalo sisi Wakamba humpa msichana aliyezaliwa njiani. Mpaka uzeeni alikuwa akisema kwamba yeye na mama yake walipona kwa bahati tu, na kwamba serikali haiwezi kuiweka bahati kwenye bajeti ya afya. Wasiomfahamu watamzoea kadiri tunavyoendelea, maana ndivyo alivyozungumza hata mezani.

Kazi ya kuandika na kusoma maneno haya ilimwangukia ndugu yake mdogo, Nthiwa Kaloki, mwalimu mstaafu. Hakuombwa, aliamriwa. Marehemu mwenyewe aliipitia nakala ya kwanza akiwa na penseli mkononi, na sehemu nzuri za mwalimu zikafutwa karibu zote.

Alisoma shule ya msingi hapa Kasikeu kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Akiwa darasa la sita, mwalimu mmoja alikuwa na desturi ya kuwachapa kila Jumatatu wanafunzi watano wa ng'ambo ya mto kwa kuchelewa. Nzilani alinyoosha mkono akauliza kama mwalimu alijua hao watano walitoka nyumbani saa ngapi. Mwalimu hakujua. Nzilani alijua, kwa sababu Jumapili iliyotangulia alikuwa amefuatana nao hadi kwao akihesabu hatua, na alipokuwa akirudi akazihesabu tena ili awe na uhakika. Siku hiyo walichapwa wanafunzi sita. Lakini juma lililofuata gwaride lilisogezwa mbele kwa nusu saa bila mtu kutoa maelezo yoyote, na wale watano hawakuchelewa tena. Baba yake Nzilani alipoisikia habari hiyo alicheka, kisha akamwambia mkewe kwamba huyu binti ana shingo ngumu na ataolewa na mtu mwenye uvumilivu. Nzilani alimaliza kidato cha nne mwaka 1979, akafundisha kwa muda bila cheti, na mwaka 1981 akajiunga na mafunzo ya uuguzi, akahitimu Machi 1984.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Makindu, wodi ya kina mama, ambako alikaa miaka kumi na minane. Makindu iko barabara ya Mombasa, na kwa mwuguzi kijana hilo lilikuwa na maana yake. Gari lilipopinduka, majeruhi walifika kabla damu haijakauka. Mama mwenye uchungu alipata lifti ya lori, ya basi, hata ya gari la mtalii. Mama akifika amechelewa, wauguzi walimgombeza. Nzilani naye aliwagombeza, na baadaye aliona haya kulisema hilo, ila alilisema.

Huko Makindu ndiko alikokutana na Josphat Mulei, fundi wa malori, mtu wa maneno machache na mikono iliyonuka grisi hata Jumapili. Mulei alimwambia kwamba anataka kumpeleka kula mahali pazuri penye meza ndefu. Nzilani akavaa gauni lake la maua. Akapelekwa hekalu la Makalasinga, ambako kila msafiri hulishwa bure, akakalishwa mbele ya dengu na chapati pamoja na madereva ishirini. Alikasirika mpaka alipomaliza sahani ya pili. Walifunga ndoa kanisani hapa Kasikeu Jumamosi tarehe 13 Desemba 1986, na Mungu akawajalia watoto wawili, Yvonne na Mutie. Mzee Mulei alitutangulia mwaka 2017. Waliishi pamoja miaka thelathini na zaidi, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakizozana isipokuwa kuhusu katoni.

Hizo katoni lazima zielezwe, kwa sababu ndizo zilizomletea kosa lake kubwa, na yeye mwenyewe aliagiza kosa hilo lisifichwe.

Kila mtu hapa ameshika programu ya mazishi haya. Wengi wetu tukifika nyumbani, programu hufungia vitabu vya watoto au huwashia jiko. Za Nzilani hazikuwasha jiko. Kuanzia mwaka 1989 aliweka kila programu aliyopewa, akaomba na za majirani, akazipanga ndani ya katoni za sabuni chini ya kitanda mpaka Mzee Mulei akakosa pa kuweka viatu. Hakutaka picha wala nyimbo. Alifungua moja kwa moja sehemu ya ugonjwa. Aliposoma kwamba marehemu "aliugua kwa muda mfupi," aliandika pembeni kwa penseli: Ugonjwa gani? Muda gani? Alikuwa umbali gani na daktari? Kisha, akikutana na mtu wa familia hiyo sokoni, aliuliza. Wengine walikwepa. Wengi, ajabu, walifurahi kuulizwa, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwauliza.

Mwaka 2002 alihamishiwa Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui, kusimamia kliniki ya wajawazito. Ndugu zake walimwonea huruma kana kwamba amefungwa jela. Huko alikuta wafugaji wa Kikamba waliotawanyika mbali mbali, na familia za Waislamu wa Kisomali wenye maduka na biashara ya mifugo. Kwa miezi ya mwanzo hakuelewana na nusu ya kina mama waliofika. Aliyemwokoa alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, Sabrin Bishar, ambaye baada ya shule alipita kliniki kumletea chai kutoka duka la mama yake, akabaki kutafsiri. Mama yake, Bi Abdiya, anazungumza Kikamba safi kuliko huyu anayesoma, na yuko hapa leo, mstari wa mbele. Yeye na Nzilani walikuwa marafiki kwa miaka ishirini na mitatu. Waligombana kuhusu sukari kwenye chai na wakapatana kuhusu mambo mengine yote.

Mwaka 2006 magoti yalianza kumsumbua, akahamishiwa ofisi ya kumbukumbu za afya mjini Kitui. Mezani hapo ndipo alipoanza kuzifanyia programu zake hesabu. Alitaka kujua jambo moja tu: je, mtu wa Makindu na mtu wa Tseikuru wana nafasi sawa ya kuishi? Alijua jibu moyoni, lakini moyo haupokelewi ofisini. Akachukua programu zote mia sita na kumi na nne, akazigawa kwa sehemu: watu wa barabara ya Mombasa, watu wa vilima vya Kasikeu, watu wa mjini Kitui, watu wa kaskazini. Akaandika umri, ugonjwa, umbali. Ilimchukua miaka mitatu, mpaka katikati ya 2011.

Matokeo yalimshangaza. Katika programu za kaskazini, wanawake waliokufa kwa uzazi walikuwa wawili tu. Alizihesabu upya, wakabaki wawili. Wakati huo kulikuwa na mpango wa kuongeza mwuguzi wa pili, wa zamu ya usiku, katika zahanati ya Kamwilu, kilomita thelathini na nane mbele ya Tseikuru, na kuweka gari la wagonjwa karibu. Septemba 2011 aliitwa kwenye mkutano wa maafisa wa afya mjini Kitui kusema rekodi zake zinaonyesha nini. Nzilani alikuwa mtu mwaminifu mpaka kero. Akasimama akasema kwamba alivyotafuta, hakuona dalili kuwa wanawake wa kaskazini wanakufa kwa uzazi zaidi ya wengine. Afisa mmoja aliandika haraka, akafunga faili, na mpango wa Kamwilu ukaahirishwa bila tarehe.

Februari 2012 alikwenda Tseikuru kutembea. Akaketi dukani kwa Bi Abdiya, akamweleza kazi yake ya miaka mitatu, zile katoni, zile sehemu nne, na wale wanawake wawili.

Bi Abdiya aliacha kupima mchele. Akamuuliza, "Na Sabrin umemweka wapi?"

Kisha Bi Abdiya mwenyewe akaendelea.

"Sista, si unajua sisi hatuna hiyo makaratasi? Sabrin alikufa asubuhi, saa kumi tukawa tumemzika. Nani angechapisha programu? Sasa kwa hesabu yako mtoto wangu hajakufa?"

Sabrin alikuwa amefariki Agosti 2010, mwaka mmoja kabla ya ule mkutano, akiwa na miaka ishirini na miwili. Aliolewa Kamwilu na Hamud, mfanyabiashara wa mbuzi. Uchungu ulimshika jioni ya Alhamisi. Zahanati ilikuwa imefungwa kwa sababu mwuguzi wake mmoja alikuwa amekwenda kuchukua chanjo na hangerudi kabla ya Ijumaa. Alijifungulia nyumbani, mtoto akawa salama, lakini damu haikukoma. Hamud alimpakia kwenye lori la mifugo pamoja na mama mzazi wa Hamud, wakakimbilia Tseikuru. Alikata roho zikiwa zimebaki kilomita kumi na moja. Na haya yote Nzilani alikuwa anayajua. Alipigiwa simu siku ile ile. Alilia mpaka ofisi nzima ikasikia. Lakini alipoketi na katoni zake, Sabrin hakuwemo, na yeye hakugundua kwamba hayumo.

Wakamba wengi wa huko nao hawakuwa na programu, kwa kuwa pa kuchapisha ni mbali na familia inazika kwa kile ilicho nacho. Kwa hiyo kadiri mtu alivyokuwa maskini na mbali, ndivyo alivyotoweka kwenye hesabu ya Nzilani. Alimwambia ndugu yake miaka mingi baadaye kwamba siku hiyo dukani alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akamwomba Bi Abdiya daftari, lile la mistari la watoto wa shule, akaandika juu yake jina la Sabrin, akauliza, "Mwingine nani?"

Hapo ndipo alipojifunga kibwebwe. Kuanzia Machi 2012 hadi Mei 2013, kila likizo na karibu kila Jumamosi, mwanamke wa miaka hamsini mwenye magoti mabovu alipanda basi hadi Tseikuru, na kutoka hapo akaenda kwa pikipiki na kwa miguu, yeye na Bi Abdiya, boma hadi boma. Hawakuingia wakiuliza. Waliingia kama wafiwa, wakaketi, wakanywa walichopewa, wakaacha wenye nyumba waseme. Baba mmoja mfugaji, aliyekuwa amempoteza mkewe, aliwatazama wote wawili, mmoja na kitambaa cha kanisa na mwingine na hijabu, akasema, "Sista, umechelewa miaka mitatu. Lakini kaa tu, kiti ndiyo hiyo."

Maswali yake yalikuwa matatu, na aliyauliza mwishoni, kwa sauti ya chini. Alianza kuumwa saa ngapi? Mliondoka nyumbani saa ngapi? Mlifika wapi?

Daftari lilipojaa kulikuwa na wanawake kumi na mmoja, wote wamekufa kwa uzazi ndani ya miaka mitano katika sehemu ndogo ya kaskazini. Kasikeu, yenye watu karibu mara tatu ya hao, ilikuwa imepoteza wawili. Kati ya wale kumi na mmoja, watano walikuwa Wakristo wa Kikamba na sita Waislamu wa Kisomali. Hawakusali pamoja, na wengi wao hawakuwahi kuonana, lakini walikufa kwa namna moja: kwa damu kutoka au kwa kifafa cha mimba, mambo ambayo mwuguzi mwenye sindano na gari angeyazuia.

Julai 2013 alirudi kwenye mkutano ule. Akaomba nafasi. Akasema, "Mwaka juzi nilisimama hapa nikawaambia wanawake wa kaskazini hawafi zaidi. Nilikosea. Nilikuwa nimehesabu makaratasi, na waliokufa hawakuwa nayo."

Yule afisa alikuwa bado yupo, na faili lake. "Sasa sista, si ni wewe ulituambia? Hatuwezi kubadilisha mpango kila mwaka juu mtu amebadilisha mawazo."

"Sijabadilisha mawazo, nimetembea."

"Na pia tuseme ukweli," afisa akaendelea, "hao watu wa huko ni mila. Wanapenda kuzalia nyumbani. Hata ukiwajengea hospitali hawatakuja."

Nzilani akafungua daftari. "Kati ya hawa kumi na mmoja, tisa waliondoka nyumbani kwenda kutafuta mwuguzi. Wanne walifika Kamwilu wakakuta kufuli. Huyu hapa, Katunge, alikalia ngazi ya zahanati kutoka asubuhi mpaka saa nane mchana, na alikufia hapo hapo kwa ngazi. Nieleze, afisa. Hiyo ni mila gani, ya kufika mlangoni na kufia mlangoni?"

Lakini asifikirie mtu kwamba ushindi ulipatikana kwa sentensi moja. Aliambiwa alete barua. Akaleta. Akaambiwa barua haina muhuri, akaleta yenye muhuri. Wakubwa waliondoka, wengine wakaja, na kila aliyekuja alisomewa yale majina kumi na moja upya, kuanzia la kwanza. Kuna mheshimiwa mmoja aliyekuwa akimwona Nzilani upande huu wa barabara anahamia ule. Mzee Mulei alimwuliza kama hachoki. Akasema anachoka sana, hasa magoti, na akaomba apakwe dawa. Mwaka 2016 zahanati ya Kamwilu ilipata mwuguzi wa pili na nyumba ya kulala ya vyumba viwili. Mwaka 2018 gari la wagonjwa likawekwa Tseikuru. Vifo vimepungua. Havijaisha, na hakupenda kupongezwa. Yule mama aliyembeba mtoto wake wa kwanza mpaka hapa leo, akitokea Kamwilu, ili mtoto aone kaburi la Sista, atuwie radhi kwa kumtaja. Alituambia tu kwamba usiku wa kujifungua alikuta taa ya zahanati inawaka.

Marehemu alistaafu Novemba 2021 akarudi hapa Kasikeu, akapanda miembe midogo na kuwasumbua wajukuu kuhusu kunawa mikono.

Kuhusu ugonjwa wake, huyu anayesoma alikuwa ameandika hivi: "Aliugua kwa muda mfupi, akaitikia mwito wa Muumba wake." Mwezi wa Aprili alimpelekea kitandani. Nzilani alivaa miwani, akasoma, akachukua penseli akakata mstari wote.

"Nthiwa, muda mfupi ni upi? Miaka mitatu ni muda mfupi?"

"Dada, si ni lugha tu ya programu. Kila mtu huandika hivyo."

"Ndiyo maana nilikuwa na katoni nne za watu waliougua kwa muda mfupi. Andika sukari. Andika nilikuwa nayo tangu 2014, na nilikuwa napima wengine na mimi mwenyewe sijipimi. Andika figo. Watu wapeleke damu yao ikapimwe wiki ijayo, wasiniimbie tu."

Basi imeandikwa. Mama Peninah Nzilani alikuwa na ugonjwa wa sukari aliougundua akiwa amechelewa, na mwaka 2022 figo zake zikashindwa kazi. Mara mbili kwa wiki damu yake ilisafishwa kwa mashine, katika hospitali iliyo mwendo wa dakika arobaini kutoka hapa. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mfugaji kutoka upande wa Tseikuru, Mzee Kimeu, aliyekuwa amehamia kwa binamu yake huku Makueni ili awe karibu na mashine. Baada ya miezi minne binamu alihama, mzee akarudi kwao. Kutoka kwao hadi mashine ya karibu ni karibu siku nzima. Hakurudi tena. Nzilani alipiga simu mpaka akaambiwa amekwisha kuzikwa. Alimwambia ndugu yake, "Ugonjwa wetu ni mmoja. Mimi nimepewa miaka mitatu, yeye miezi minne. Usije ukasema mazishini kwangu kwamba Mungu alinipenda zaidi. Mimi nilikuwa karibu, basi." Alikuwa na hasira alipoyasema hayo, na hasira hiyo haikumtoka.

Siku hiyo hiyo ya Aprili alitoa agizo lake la mwisho. Alitaka wale kumi na mmoja wachapishwe kwenye programu yake, mahali pa waliomtangulia.

Nthiwa alimwambia kwamba programu ni ya marehemu mmoja.

"Basi ongeza karatasi."

"Na watu wa kanisa? Watauliza hawa Waislamu wanafanya nini kwa programu yetu."

"Wakiuliza, waambie walikufa."

Hata hivyo hakukubali wachapishwe bila ruhusa ya wenyewe. Mwezi wa Mei bintiye Yvonne alikwenda kaskazini kwa siku tatu pamoja na Bi Abdiya, boma hadi boma, kama mama yake alivyofanya. Familia kumi zilikubali. Baba mmoja mzee, asiyejua kusoma, aliomba aonyeshwe kwa kidole mahali jina la binti yake litakapokaa. Familia moja ilikataa, kwa sababu zake. Yvonne aliporudi alitaka kujaribu tena kwa simu, mama yake akamkatalia. "Usiwasumbue. Wewe acha nafasi yao, mstari mmoja, usiandike kitu."

Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, moyo wa Mama Peninah Nzilani ulisimama akiwa kwenye mashine. Daktari alikuwa hatua sita kutoka kitandani, na yote yaliyoweza kufanywa yalifanywa. Yvonne alikuwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Tunamlilia, na tutamlilia kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna mwingine katika ukoo wetu anayeweza kumkera mtu hivyo na bado akapendwa hivyo.

Ameacha watoto wawili, Yvonne na Mutie. Wajukuu wanne, wanaomwita Susu, yaani nyanya. Ndugu yake Nthiwa. Na dada yake wa hiari, Bi Abdiya. Walimtangulia wazazi wake, kaka zake wawili na mume wake Josphat Mulei.

Walimtangulia pia hawa, ambao hawakuwahi kuwa na programu: Sabrin Bishar, miaka ishirini na miwili, Katunge Musyimi, miaka thelathini na sita, mama wa watoto watano, Nimo Abdirahman, miaka kumi na tisa, Kavata Muthengi, miaka ishirini na saba, aliyefika Kamwilu akiwa kwenye toroli, Fardosa Ibrahim, miaka thelathini na mmoja, Rukia Hassan, miaka ishirini na minne, Syombua Kithome, miaka arobaini, Sadia Noor, miaka ishirini na mitano, na pacha wake wawili wachanga; Kanini Mwangangi, miaka ishirini, Hodhan Aden, miaka thelathini na mitatu. Mstari wa kumi na moja ni mtupu, na msomaji atanyamaza hapo kwa muda wa jina moja.

Apumzike kwa amani pamoja nao, wote kumi na wawili.